Usingizi wa Mtoto wa Mogesi

Mogesi hakuzaliwa mtu wa kuona kinyaa. Alikulia Kenyamonta katika boma la ng'ombe, akizoa samadi kwa mikono tangu utotoni, akitoa kupe kwenye masikio ya ndama na kuwapasua kwa kucha huku akipiga soga. Kwa hiyo alipoolewa na Heche na kuhamia naye kijiji kipya cha ujamaa, mwaka ule wa operesheni watu walipopakiwa kwenye malori pamoja na kuku na mawe ya kusagia, hakuna aliyedhani kwamba siku moja angeitwa mwanamke wa madeko anayetapika akimwona mumewe.

Nyumba za kijiji zilipangwa kwa mistari kama mihogo. Mwenyekiti Wangwe aligawa viwanja kwa kunyoosha kidole, na kwa Heche kidole kiliangukia nyuma ya ghala. Lilikuwa ghala la bati tupu, juu hadi chini. Humo kijiji kiliweka pamba, mbegu, majembe, na dawa ya kuua wadudu wa pamba iliyoletwa kwa madebe. Jua likipanda, bati lilishika moto na harufu ikatoka, tamu kidogo, kama tunda lililoozea kwenye mafuta ya taa. Iliingia kwenye unga, kwenye blanketi, kwenye nywele. Nyumba ya Wangwe mwenyewe ilikuwa mwisho kabisa wa mstari, upande unakotokea upepo.

Heche alikuwa kijana mkakamavu na mtiifu, basi wakamchagua kuwa mnyunyizaji wa shamba la kijiji. Alibeba bomba mgongoni na kupita kati ya pamba huku ukungu wa dawa ukimrudia usoni. Jioni alirudi shati la kaki limemgandia mwilini, akasuuza ncha za vidole, akauketia ugali. Mwanzoni Mogesi alivumilia. Aliposhika mimba, tumbo likakataa. Akisikia tu hatua za mumewe uani, mate yalimjaa mdomoni, akakimbilia nyuma ya nyumba kutapika mpaka nyongo.

"Vua hilo shati huko nje," alimsihi. "Na mikono uisugue kwa majivu."

Heche alicheka. Mama yake, Waisiko, aliyeishi nao, alicheka zaidi.

"Mimba imemkataa mume," alisema. "Hata mimi, nilipokuwa na huyu Heche tumboni, baba yake alininukia kama beberu. Vumilia, mama. Ukijifungua utamtafuta mwenyewe."

Na kwa kuwa mimba kumkataa mume ni jambo linalojulikana, hakuna aliyejali ni nini hasa alichokinusa. Shati alilifua yeye. Maji yalitoka meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, na ngozi ya vidole vyake ikaanza kubanduka. Aliyamwaga chini ya mpapai. Kuku waliodonoa pale walianza kuyumba kama walevi, shingo zimepinda. Waisiko akasema ni mdondo, akawachinja kabla hawajafa wenyewe, wakaliwa. Mogesi alitafuna paja moja kwa amri ya mama mkwe, maana mjamzito anahitaji nyama, akalimeza kama mtu anayemeza kitambaa.

Kisha likaja debe. Mtungi wake wa udongo ulikuwa umevunjikia kwenye lori, na katika kijiji kile kigeni kupata chombo cha maji ilikuwa taabu. Mtunza ghala, mtu mmoja aitwaye Simioni, mwenye tumbo la kuridhika na sauti ya upole, alikuwa na madebe matupu, naye aliwagawia aliowapenda. Kwa heshima ya kazi ya Heche, mkewe alipewa moja. Lilikuwa safi, linang'aa, limekwanguliwa rangi upande mmoja. Mogesi alilichotea maji kisimani na kulinywea muda wote wa mimba. Maji yalikuwa na ladha fulani iliyobaki nyuma ya ulimi. Alisema hivyo. Akaambiwa mdomo wa mjamzito ni mchungu.

Mtoto alizaliwa wakati pamba imejaa ghalani mpaka mlangoni. Alikuwa wa kike, mwepesi kama kapu tupu. Kilio chake kilikuwa chembamba, cha kitoto cha paka kilichobanwa na mlango. Kidevu kilimtetemeka. Alinyonya kidogo, akachoka, akaliachia ziwa na kulitazama kana kwamba limemkosea. Lakini lililomvunja Mogesi ni usingizi. Macho ya mtoto yakifumba tu, mwili mzima ulishtuka kama mtu aliyewekewa kaa la moto, mikono ikatupwa juu, kilio kikaanza upya. Mchana, bati la ghala linapochemka, alilegea akatoa jasho na povu jembamba pembeni ya midomo. Waisiko aliita huko kulala. Mogesi alijua siko. Alikuwa amewaona kuku.

Walimwita Boke. Alipozidi kulia, wazee walisema kuna marehemu wa ukoo anayelitaka jina lake, wakambadilisha akawa Mokami. Mokami naye alilia. Waisiko alichemsha mizizi, akafukiza majani ndani ya nyumba ileile iliyonuka dawa, moshi juu ya uvundo, mpaka mtoto akakohoa akawa wa bluu kwenye kucha.

"Maziwa yako mabaya," Waisiko alisema. "Mama akiwa na kinyaa, mtoto anakinyonya."

Neno hilo lilimwingia. Alianza kujinusa, kwapani, kifuani, kwenye kanga. Na kweli alinuka. Alinuka kama ghala.

Asubuhi moja alikwenda ghalani na mtoto mgongoni, akimtafuta Heche. Hakumkuta. Alimkuta Simioni amekaa juu ya gunia, ameshika debe tupu katikati ya mapaja, analikwangua kwa kipande cha chupa huku akitafuna muwa. Vumbi la rangi lilimwangukia kwenye suruali na kwenye muwa. Alilipuliza, akaendelea kutafuna.

"Unakwangua nini, shemeji?" Mogesi aliuliza.

"Picha," alisema Simioni. "Zinawatisha wanawake bure. Debe ni debe."

"Picha ya nini?"

Akaligeuza debe jingine lililokuwa bado zima, akamwonyesha bila wasiwasi, kama mtu anayeonyesha picha ya harusi. Lilikuwa fuvu la mtu, jeupe, na chini yake mifupa miwili imepandana.

Mogesi hakuwa amesoma, ila fuvu halihitaji shule. Alilitazama, kisha akautazama ule mkono mnene ukiendelea kukwangua, taratibu, ukianza na macho. Akakumbuka ladha nyuma ya ulimi wake. Akakumbuka kila kikombe. Matapishi yalimtoka kwa nguvu yakatapakaa sakafuni, mengine yakaruka hadi kwenye miguu ya Simioni.

Simioni aliinuka upesi, amekunja pua. "Wewe mwanamke ni mchafu," alisema. "Umenichafulia ghala."

Siku iliyofuata Mogesi alitembea mpaka Mugumu, kwa muuguzi aliyesifiwa na wanawake wa huko. Jina lake Mwantumu, Mwislamu, binti wa fundi cherehani aliyehamia kutoka pwani. Mogesi alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku tayari akimfungua mtoto. Alimpima, akamkunjua vidole, akaangalia kidevu kinavyotetemeka. Kisha akaishika ile nguo ya kumfunikia, akaileta puani, na uso wake ukabadilika.

"Mnalala wapi, mwanangu?"

Mogesi alimweleza yote, ghala, shati, debe, fuvu. Mwantumu alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni alikunja nguo ile akaiweka mbali na meza.

"Sitakuapia," alisema. "Watoto hukosa usingizi kwa mengi, na huyu kazaliwa mdogo, labda malaria ya mimba nayo imechangia. Lakini kinachomwangusha mdudu kwenye jani hakimwachi mtu salama. Ulichokunywa, kimempitia na yeye tumboni. Na alichokikuta baada ya kuzaliwa ni kilekile, kwenye hewa na kwenye nguo."

"Atapona?"

"Sijui. Mtoe pale kwanza. Mnyonyeshe, maziwa yako si mabaya kama maji ya lile debe. Na mumeo asimshike kabla hajaoga."

Mogesi hakulia njiani. Alikuwa na hasira iliyochanganyika na kichefuchefu, asijue ipi ni ipi. Alipofika alilitoboa lile debe kwa ncha ya jembe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Waisiko alipiga kelele kwamba amemtukana mwanawe na kuharibu mali. Heche alisimama tu uani, akaleta viganja vyake puani na kuvinusa kwa muda mrefu.

"Mimi sinusi kitu," alisema hatimaye, kwa sauti ya kitoto.

Asubuhi Mogesi alimbeba Mokami akaenda kwa mama yake Kenyamonta.

Mama yake, Veronika, hakuuliza maswali. Alichemsha kila kipande cha nguo, akaichoma ile ya kumfunikia mtoto, akamlaza binti na mjukuu katika nyumba ya juu ya kilima ambako upepo hupita na hakuna kinachonuka ila ng'ombe. Siku za mwanzo hazikuleta kitu. Kisha mishtuko ikapungua. Alasiri moja mtoto alinyonya mpaka akashiba, akafumba macho, asifumbue. Mogesi aliogopa, akamwekea kidole chini ya pua. Pumzi ilikuja, ya moto, ndefu, ikarudi tena. Alikaa vilevile, mguu umekufa ganzi, asithubutu kumlaza chini. Veronika alipopita na ndoo ya maziwa alipunguza mwendo akatembea kwa vidole.

Baadaye Heche alikuja kumfuata, na shati lake lilelile. Harufu ilitangulia. Kwa mila Veronika hakuweza kumkabili mkwewe uso kwa uso, basi alisemea ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta.

"Mogesi, mwambie mkwe wangu mto uko kule chini."

"Mama anasema mto uko kule chini," alisema Mogesi.

"Na mwambie shati asirudi nalo."

Heche alirudi amejifunga shuka la kuazima, nywele zinachuruzika, mkakamavu yule ameinama kama mtu aliyechapwa. Alipopewa mtoto, mikono ilimtetemeka mpaka Mogesi akaweka yake chini ya ile ya mumewe.

"Nami silali," alisema Heche taratibu. "Tangu msimu ule wa kunyunyiza. Nikifumba macho nashtuka. Kiberiti kinanishinda kuwasha. Sikusema. Ningesemaje, na nimechaguliwa na kijiji?"

Walirudi pamoja, ila walirudi kusema. Katika mkutano wa kijiji Heche aliliweka bomba chini mbele ya Wangwe, akasema mikono imemshinda. Kisha Mogesi akasimama, jambo ambalo wake vijana hawakulizoea, akaeleza kuhusu madebe, akamtaja Simioni hadharani.

Simioni alitabasamu. "Mimi niligawa madebe. Nilimwambia mtu aweke maji?"

Wanawake waliinamisha vichwa. Wengi walikuwa na debe nyumbani, na debe lilikuwa mali. Wangwe alisema watoto wanyonge wanazaliwa vijiji vyote, na kwamba anayesema vibaya dawa ya pamba anarudisha nyuma maendeleo.

"Mwenyekiti," Mogesi alisema, "kwako mna mitungi miwili ya udongo. Mkeo hajawahi kubeba debe. Kwa nini?"

Wangwe alijikuna shingo.

"Maji ya mtungi ni baridi," alisema.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akacheka nao, akaonyesha mapengo. Hapo ndipo Mogesi alipoonja kinyaa kilicho kikubwa kuliko cha shati, kuliko cha kuku waliopinda shingo, kinyaa cha kuona mtu amejua tangu mwanzo na bado analala vizuri. Alitema mate chini, akaketi.

Waliruhusiwa kuhamia mstari wa mbali na ghala, kwa sababu mnyunyizaji asiye na mikono hana kazi na kiwanja kile kilikuwa na mwombaji mwingine. Ghala halikuhamishwa. Bomba lilibebwa na kijana mwingine, na Simioni, baada ya uchaguzi, akawa katibu.

Mokami aliishi. Alichelewa kutembea na kusema, akabaki mdogo kuliko wenzake, na mpaka alipokuwa msichana wa kuchunga mbuzi usingizi wake ulikuwa mwepesi, jani likianguka anaamka. Kama ni dawa, au malaria, au ni vile tu alivyoumbwa, hakuna aliyemwambia mama yake kwa hakika, naye aliacha kuuliza.

Lakini tangu hapo, mwanamke yeyote wa mistari ile alipoanza kutapika asubuhi, Mogesi alikwenda kwake. Hakusubiri kukaribishwa kiti. Alipita moja kwa moja hadi kwenye kona ya maji, akainama, akaingiza pua chomboni. Wengine walimchukia, wakamwita mbwa wa serikali. Mke wa yule kijana wa bomba alimfukuza mara mbili kwa mwiko wa ugali. Mara ya tatu alimkuta ameketi kizingitini, tumbo liko juu, shati la mumewe limetupwa mbali uani kwenye vumbi.

"Njoo unuse na ndani," alisema yule mke. "Mimi nimeshindwa kuingia."