Waliohudhuria Vikao vya Josho

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa kikao cha watu wa kilima chetu, na kwa miaka hiyo tisa tulijadili jambo moja tu: tulifanyie nini shamba la josho. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka. Hakuna aliyeuliza kama nina akili ya kujua ni lipi la kuandika na lipi la kuacha. Mwandiko ulitosha.

Shamba lenyewe ni kama ekari mbili, kwenye mteremko unaoshuka mtoni, si mbali na barabara ya Mogogosiek. Wazee wetu waliliacha wakati ardhi ilipokuwa ikipimwa, kila jirani akimega kidogo kwenye lake, ili ng'ombe wa kilima kizima wapate mahali pa kuogeshwa dawa ya kupe. Siku hizi kila mtu anamnyunyizia ng'ombe wake dawa nyumbani kwa pampu ya mgongoni, na josho limebaki shimo refu la saruji lililojaa maji ya mvua na vyura. Kulizunguka kulikuwa na nyasi. Nazitaja hizo nyasi kwa sababu kwetu chai imepandwa hadi mlangoni, na anayetaka kufuga anakata majani kando ya barabara au ananunua. Nyasi za josho ndizo zilizokuwa zimebaki, na zililiwa na ng'ombe mmoja, wa shangazi yangu.

Shangazi, dada ya baba, alirudi kutoka kwa mume wake kabla sijazaliwa, bila mtoto na bila maelezo. Baba alimjengea nyumba ya mabati nyuma ya jikoni yetu, akaona amemaliza kazi. Shamba hakupewa, maana lilikuwa limeshagawiwa wanaume, na hata hao wanaume halikuwatosha. Alichokuwa nacho ni yule ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe ubavuni, aliyemlea tangu akiwa ndama mgonjwa ambaye mwenye mali alikuwa amemkatia tamaa. Kila asubuhi alimpeleka josho na kumfunga kwenye kigingi, na jioni akamrudisha. Maziwa ya ng'ombe huyo yalimwezesha kuishi bila kuomba chumvi wala sabuni kwa mke wa kaka yake, yaani mama yangu. Kwa jinsi ninavyomjua mama yangu, huo ulikuwa uhuru mkubwa.

Kwa hivyo tulipokuwa tukijadili shamba la josho, tulikuwa tukijadili kama shangazi ataendelea kuwa na ng'ombe au la. Hakuna aliyelisema hivyo kikaoni. Pengine hakuna hata aliyeliwaza, nami nikiwa mmoja wao, na nikikumbuka hilo naona haya mpaka leo.

Mawazo ya matumizi hayakukosekana. Wazee walitaka josho lifufuliwe, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa tayari kumtembeza ng'ombe wake hadi pale. Wakulima wa chai walitaka kibanda cha kupimia majani, ili wasivuke mto na mizigo mgongoni. Waumini walitaka kanisa, na wazo hilo lingepita mara moja kama tusingekuwa na makanisa matatu, kila moja likijua kwa hakika ni lipi linalopaswa kujengwa. Vijana walitaka uwanja wa mpira. Niliwauliza mpira ukipigwa utakwenda wapi kwenye mteremko ule, wakasema watashambulia kuelekea juu vipindi vyote viwili.

Wazo la maana lilitoka kwa mwenye duka wa pale sentani, kwenye maduka, mtu ambaye familia yake ilitoka Nyeri. Alisema tujenge vyumba vya biashara upande wa barabara na tuache sehemu ya chini ilivyo. Aliongea vizuri, kwa heshima, kofia mkononi, akituita "wazee wangu" hata sisi tuliokuwa wadogo kwake. Wote tuliitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha tukaliacha wazo lake hapo hapo, kwa sababu lilikuwa zuri mno na limetoka kwa mtu wa nje. Huyo mtu wa nje alikuwa ameishi nasi miaka zaidi ya thelathini na anaongea Kipsigis, lugha yetu, vizuri kuliko watoto wangu. Kwenye daftari nilimwandika chini kabisa, chini ya neno "Wageni."

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu atadhani tulikuwa wavivu tu. Kikao cha kokwet, yaani cha majirani wa kilima kimoja, hakipigi kura. Kura ni ya serikali, na tumeona inavyowaacha watu. Sisi tunaongea mpaka tukubaliane, na kabla ya kufunga jambo mwenyekiti lazima aulize maswali matatu. Je, kila mtu ameongea? Je, kuna mwenye neno moyoni? Nani hayupo? Akikosekana hata jirani mmoja wa kilima, jambo linaahirishwa mpaka aje, asije akakuta mambo yake yameamuliwa akiwa hayuko. Ni desturi nzuri sana. Niliwahi kuwafundisha watoto wa darasa la sita kwamba ni demokrasia iliyozidi demokrasia.

Watu wetu, kwa kuwa si wajinga, waligundua zamani kwamba kutokuwepo ni hoja. Mtu aliyeona wazo asilolipenda linaelekea kukubaliwa hakuhangaika kulipinga. Alikwenda Mulot kuangalia bei ya mahindi. Mzee mmoja aliyechukia kanisa la jirani yake aliugua mgongo kila mara kanisa hilo lilipokaribia kupewa shamba, akapona Jumapili yake. Nilikuwa nikimalizia karibu kila kikao kwa sentensi ile ile: "Jambo limeahirishwa kwa kuwa wote hawakuwepo." Mkono wangu uliizoea hata nikawa naiandika kabla ya mwenyekiti kuitamka.

Na katika vikao vyote hivyo tulikunywa chai. Tulikutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, juu ya zile nyasi zenyewe, na ikifika saa tano shangazi alitokea kwenye njia ya chini akiwa na sufuria kubwa kichwani na vikombe ndani ya kiondo. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Ilikuwa chai nzito, ya maziwa mengi, na maziwa yalitoka kwa yule ng'ombe aliyekuwa akila hatua chache kutoka tulipokaa, wakati mwingine akituelekezea mkia. Tulikunywa, tukamsifu shangazi kwa mkono wake, tukarudi kujadili jinsi ya kulitumia vizuri shamba ambalo, kama alivyopenda kusema mwenyekiti, "limekaa tu bure."

Shangazi hakuondoka akishagawa chai. Alikaa kando, juu ya ukingo wa josho, akisubiri vikombe. Alisikia kila neno. Baadaye nilielewa kwamba yeye ndiye aliyeijua ajenda kuliko mtu yeyote, na kwamba chai ile haikuwa ukarimu tu. Wanaume walioshiba chai ya maziwa hawana haraka, na shamba lingebaki lilivyo kadiri maneno yalivyoendelea.

Halafu ukaja uvumi kwamba mkubwa mmoja wa Bomet anatafuta ardhi ya umma isiyo na kazi. Uvumi wa namna hiyo kwetu hausubiri ushahidi. Mwenyekiti alipitisha habari nyumba kwa nyumba kwamba Jumamosi hiyo tunamaliza, na atakayekosa ajue ameliuza shamba la baba zake kwa mikono yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwaona wote. Hata yule wa mgongo alikuja, amebebwa na pikipiki, amefungwa shuka kiunoni.

Asubuhi hiyo, nikienda kikaoni, nilimpita shangazi barabarani akingoja gari. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Senge, leo ni kikao," nikamwambia. Sisi humwita shangazi senge.

"Najua, Mwalimu. Mimi naenda Bomet, iko kitu nataka sokoni."

"Na chai?"

Alicheka kidogo, akatazama upande gari litakapotokea. "Leo mtakunywa maji."

Nilidhani amechoka. Hata nilimwonea huruma kidogo, nikaenda zangu.

Kikao kilianza saa nne. Kufika saa tano mwenyekiti aliangalia ile njia ya chini, akaangalia tena.

"Chai haijakuja," akasema.

"Senge ameenda Bomet," nikasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote. "Nilimwacha kwa stage."

"Basi tumalize haraka, watu wasikae na njaa."

Tukamaliza. Jambo lililotushinda miaka tisa tulilimaliza kabla ya saa sita kwa kukosa chai. Kwa kuwa josho, kibanda, kanisa na uwanja havikuweza kukubaliana, mtu fulani alisema tupande tu chai, shamba lionekane lina kazi, na wote wakaona huo ndio mwanga. Tutazungushia seng'enge. Kila nyumba italeta miche. Majani yake yatamsaidia nani na kwa njia gani, hilo likawekewa kikao kingine. Kwa hivyo katika kilima kilichojaa chai kuanzia mtoni hadi barabarani, tulichukua kipande pekee kisicho na chai, tukakubaliana kwa moyo mmoja kupanda chai.

Mwenyekiti akasimama, akauliza maswali yake. Je, kila mtu ameongea? Wameongea. Je, kuna mwenye neno moyoni? Hakuna. Akanigeukia. "Katibu, nani hayupo?"

Nilifungua daftari. Nilishuka na kidole kwenye orodha yangu, jina kwa jina, na kila jina lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye nyasi. Hata mgeni wetu wa miaka thelathini alikuwepo. Nitasema ukweli: nilimkumbuka shangazi. Nilikuwa na kiu, na niliikumbuka sufuria yake. Lakini katika orodha hakuwemo, hajawahi kuwemo, na mimi nilikuwa mtu wa orodha.

"Wote wako," nikasema.

Wakapiga makofi. Mzee mkubwa kuliko wote akatubariki, tukatawanyika.

Alasiri shangazi alishuka kwenye gari nami nikiwa pale barabarani na daftari langu kwapani, nikiwasimulia watu tulivyomaliza. Alikuwa amenunua kamba mpya ya ng'ombe, ya manila, rangi ya bluu. Uso wake ulikuwa mchangamfu kuliko nilivyouona siku nyingi. Alinivuta pembeni.

"Mliahirisha mpaka lini?"

"Hatukuahirisha, Senge. Tulimaliza. Itapandwa chai."

Aliniangalia kama mtu anayesubiri nimalize utani. "Mlimaliza aje, na mimi sikuwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa zile safari za Mulot na ule mgongo wa mzee vilikuwa vimemfundisha nini. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa josho miaka tisa akijifunza jinsi mtu wa kilima hiki anavyojilinda, na siku ilipofika alivaa viatu vyake vizuri, akapanda gari, akakosekana. Alizunguka sokoni Bomet siku nzima akiwa na uhakika kwamba ng'ombe wake yuko salama. Nilijisikia mdogo sana. Nilitamani gari lile lirudi linichukue mimi.

"Mwenyekiti hakuuliza nani hayuko?"

"Aliuliza."

"Akauliza nani?"

"Mimi."

Watu waliendelea kupita na magunia yao ya majani. Kisha akakaa kwenye jiwe la kando ya barabara, akaiweka kamba mapajani.

"Mimi sikusoma," akasema. "Nisomee hiyo kitabu. Watu waliokuja."

Nikamsomea. Nilianza na mwenyekiti, nikafuata wazee, nikafuata wengine wote hadi wageni. Aliinamisha kichwa na kusikiliza kila jina, na nilipofika mwisho aliendelea kungoja.

"Ya mwezi ule mwingine."

Nikafungua nyuma, nikasoma. Nilipomaliza alisema, bila hasira, "Hiyo siku nilikuwa. Sukari iliisha, nikarudi nyumbani kuchukua ingine."

"Ndiyo, Senge."

"Soma ya nyuma."

Nikasoma ya nyuma. "Hata hiyo nilikuwa," akasema. "Mvua ilikuja, nikafunika sufuria na leso yangu, nikanyeshewa mimi."

Nilisema tuende nyumbani, nitamsomea kesho. Akaniambia nifungue ukurasa mwingine, nami nikafungua.