Prosesa Kutoka Mikumi

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya kompyuta hunirudisha Kilosa, kwenye studio ya Baba jirani na stesheni. Alichapa picha za pasipoti na za harusi, lakini nyingi zilikuwa za marehemu, zile zinazobebwa mbele ya jeneza.

Kompyuta yetu ilikuwa imezeeka, maskini. Picha ilishuka taratibu kwenye skrini kuanzia juu: nywele, paji la uso, macho. Wafiwa walisimama nyuma ya Baba, na kwa desturi ya pale hakuna aliyeketi mpaka kidevu kitokee. Kufikia hapo walikuwa wameshalia kidogo, na Mama ameshawapa maji.

Siku moja Baba akatoka Mikumi na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iliyong'olewa kwenye mashine mbovu, akaipachika kwenye yetu.

"Hii ina kashe kubwa," alituambia. "Kitu ilichokitumia sasa hivi inakiweka karibu. Kikitakiwa tena, haiendi mbali kukitafuta."

"Baba Neema," Mama alisema, "mashine ya marehemu unaiongezea mwendo wa nini?"

Baba alicheka. Picha sasa zilifunguka kufumba na kufumbua, sifa zikaenea, wafiwa wakaja hata kutoka Masanze na Mvumi. Mimi, kwa akili zangu za darasa la tatu, niliamini mashine ndiyo inayowaita. Nikipita mbele yake nilificha uso, isije ikanijua. Mama alikuwa ameanza kukohoa, nikamsihi asiikaribie. Akanitania kwamba haiwezi kumtaka, maana picha yake iliyomo humo ametoka vibaya.

Masika yalipoanza alilazwa, na hakurudi.

Shangazi na jamaa wengine walisimama nyuma ya Baba. Baba akabonyeza. Mama akatokea mzima, kilemba mpaka kidevu kwa mara moja, na hakuna aliyekuwa tayari. Baba alirudi nyuma na kiti chake. Akaifunga picha, akaifungua, akaifunga tena.

"Kaka, chapa basi," Shangazi alisema. "Watu wanasubiri."

Hakumsikia. Akaendelea kufunga na kufungua, nami nikaficha uso mlangoni, nikijua mashine imemkamata na yeye.

Niliichukia kwa miaka mingi. Nilikuwa mtu mzima, nimeshazika wa kwangu, ndipo nilipoyakumbuka maneno ya Baba kuhusu ile kashe. Kila alipomfungua upya, Mama alikuja upesi zaidi, kama mtu ambaye hajafika mbali.