Mama Yangu Alikuwa na Njaa, Mume Wangu Akachachusha Mtama

Admin, naomba ufiche jina langu na jina la parokia yetu. Nina miaka sabini na mitano, nina watoto wanne, naishi Utemini hapa Singida. Wengi wenu humu ni umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo mtanivumilia, kwenye simu naandika polepole. Mume wangu amelala chumba cha pili. Hospitali wametuambia tumrudishe nyumbani, na mnajua maana yake. Sijaandika ili nipewe pole. Nataka mnisaidie kufikiri, maana mwenyewe nimeshindwa.

Alinioa miaka ya Ujamaa, akiwa ametoka kusoma kemia Ulaya. Alipewa banda la matofali nje ya mji, mapipa, chupa za vioo, na kazi moja tu: achachushe mtama wetu mpaka utoe asidi, ile ile inayogandisha maziwa, itumike kutengenezea ngozi. "Ng'ombe tunao," alikuwa anasema, "kwa nini ngozi zetu ziondoke mbichi halafu turudishiwe viatu?" Nilimpenda kwa maneno hayo. Mchana nilikuwa naenda kumsaidia kuosha chupa.

Kuchachusha hakukuwa shida, hapa kwetu kila mwanamke anajua pombe inavyoanza. Shida ilikuwa kuitoa asidi kwenye yale maji. Alikuwa anatia kiyeyushi, kitu kinachonuka kama petroli, anatikisa, anaacha kitulie. Kinapanda juu kimebeba asidi, maji ya mtama yanabaki chini. Anakikinga, anakipasha moto polepole kiishe, asidi ibaki. Mara nyingi hakukubaki kitu cha maana. Anamwaga, anaanza upya, na kila akianza upya anafungua gunia jingine.

Mama yangu alikuwa mjane, kwake ni Mtinko. Alihamishiwa kijiji kipya kabla hajapanda, halafu mvua ikakataa. Njaa ya mwaka ule waliokuwepo wanaijua. Harufu ya mapipa yetu ilikuwa inafika barabarani, na watu wakawa wanakuja wanakaa nje ya banda. Hawaombi. Wanakaa tu.

Siku moja nikatoka na ndoo nikamkuta mama yangu kati yao. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kijijini. Kwa mila zetu hakuweza kuingia kwa mkwewe, kwa hiyo alijifunika khanga, akageukia ukutani, akaniambia kwa Kinyaturu, "Mwambie mwenzio, debe moja tu."

Nikaingia ndani. Mume wangu alikuwa ameshika chupa anaitazama kwenye mwanga.

"Baba Neema, mama yuko nje. Anaomba mtama."

"Mpe chakula changu. Mimi nitakaa hivi hivi."

"Anaomba debe la kwenda nalo."

Akaweka chupa chini. "Huu mtama si wangu, Mama Neema. Ni wa majaribio."

"Ni mama yangu."

"Najua. Nikimfungulia mama yako, wale wengine pale nje nitawafungia vipi?"

Nikapakua ugali wake nikampelekea mama. Mume wangu naye alitoka, akasimama mbali kwa heshima, akasema, "Shikamoo mama," mama akaitikia bila kugeuka. Mama alikula ule ugali, tukamfungia unga kidogo wa njano wa msaada, akaondoka. Mume wangu alilala njaa kweli. Sitamsingizia.

Mama hakumaliza mwezi. Taarifa ya msiba iliponifikia nikaenda bandani kumwambia. Mtambo wa kupashia kile kiyeyushi ulikuwa motoni. Akasema, "Tangulia, siwezi kuuacha sasa hivi, utaungua." Alifika tumeshazika. Sikulia pale kaburini. Nilifikiri nitalia baadaye.

Siku ile ile ya mazishi asidi ilitoka. Wakubwa walikuja kuitazama, kachupa kadogo, maji yamekolea kama asali nyepesi. Wakapiga makofi. Mimi niliwapa soda, nikapiga makofi pia. Halafu kiyeyushi kikawa hakiletwi tena kwa kuwa fedha za kigeni hakuna, banda likafungwa, mume wangu akapelekwa kufundisha. Mtama uliobaki ulibunguliwa humo humo ndani.

Tuliendelea kuishi. Tulizaa wengine watatu. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana, watoto amewasomesha. Kuhusu mama hakusema neno, nami sikuuliza. Miaka ya mwanzo nilikuwa nangoja aseme. Sijui niliacha kungoja lini.

Juzi, watoto wote wakiwa wamemzunguka, akanishika mkono akasema, "Mama Neema, ningempa tu mama ule mtama. Nisamehe." Watoto wakashangaa, hawakuwa wanajua. Nikatazama mkono wake juu ya wangu. Nikamwambia, "Kunywa dawa."

Neema, mkubwa wao, akanifuata jikoni. "Mama, sema neno moja tu, baba apumzike."

"Neno gani?"

"Kwamba umemsamehe."

Wanangu wa humu, nimejitafuta. Hasira sina. Uchungu sina. Huruma pia siioni. Nampakata, namgeuza, namwosha, kama mtu anayefua nguo za jirani. Nikisema nimemsamehe, nitakuwa nimemdanganya mtu anayekufa. Nikinyamaza, watoto watasema nimemlipizia kisasi, na hicho kisasi chenyewe sikioni ndani yangu.

Leo asubuhi amekataa kula, ananitazama tu. Neema ameenda kumwita padri. Nishaurini kabla hawajarudi: nimwambie nimemsamehe, na moyoni hamna kitu?