Bangili ambayo sonara hakuitaka

Leo sonara wa Katesh, mtu anayenunua kila kitu, kaikataa bangili yangu.

Ni ya fedha, aliiacha marehemu babu. Babu alikuwa dereva wa trekta enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Nimeipeleka kwa sababu mama anatakiwa hospitali, Haydom.

Sonara kaipima, kataja bei ya kunitia hasira.

"Dada, mimi nalipia uzito tu. Nikiiyeyusha nikatengeneza hereni, hapo ndipo napata faida."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Kwenye benchi alikaa bibi mmoja Mbarabaig. Nilimwamkia shikamoo tangu naingia, hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye bangili tu.

"Babu yako aliitoa wapi?"

"Aliiokota shambani akilima, bibi." Nikamtajia shamba.

"Pale palikuwa na makaburi yetu. Trekta zilipita juu yake."

Sonara akaacha kuwasha moto. Akanisukumia bangili kwa kijiti, bila kuigusa.

Nikataka kumpa yule bibi. Akaficha mikono ndani ya shuka.

"Siichukui. Wenyewe wanajua iko kwa nani."

Sasa nimefika nyumbani, nimesimama mlangoni. Mama ananiita ndani.

Mngekuwa nyie, mngeingia nayo?