Maua Yaliyokataa Samadi

Mvua ya kwanza ikinyesha hapa Likasi, udongo hutoa harufu kali kidogo, kama ya msumari ulioshikwa mkononi kutwa nzima. Juzi niliisikia nikifunga dirisha, nikamkumbuka Madame Odette, mwalimu wetu wa darasa la tano.

Siku moja alituandikisha hivi: mmea wowote, popote duniani, hustawi zaidi kwenye udongo wenye rutuba. Nilifurahi mno. Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na kilima chenye shaba, hakina hata mti mmoja, ila vijimaua vya zambarau ambavyo Mama alivipenda. Nikawaza: kama vinaishi kwenye ukavu ule, bustanini kwetu vitanifika kiunoni.

Nikachimba miche sita, nikaipanda kando ya lengalenga, mchicha wa Mama, nikatia samadi ya kuku. Wiki ya pili mashina yakawa meusi, yakalala chini. Lengalenga ilinenepa tu. Mama akaitazama miche yangu, akasema, "Uliishibisha sana, mwanangu." Nikaenda kulia chumbani.

Kwenye mtihani, Madame aliuliza juu ya sentensi ile. Nikaandika, "Si kweli." Nikapata sifuri. Wenzangu walipotoka, nilibaki.

"Madame, miye sikudanganya. Maua ya kilima inakufa mu bulongo ya muzuri, ya samadi."

"Pengine haukutia mayi."

"Nilitia kila siku. Lengalenga haikufa."

Alizungusha chaki vidoleni. Kisha akasema, "Basi, twende tuangalie."

Jumamosi alipanda kilima nami, amevaa viatu vyake vya kanisani, tukachimba miche na udongo. Tukaipanda nyuma ya darasa, nusu kwenye udongo wa kilima, nusu kwenye udongo mweusi wenye rutuba. Ile ya udongo mweusi ikaoza. Madame akaandika sentensi yake ubaoni, akafuta "wowote" na "popote", akaweka "mara nyingi".

"Juu ya nini, Madame?" darasa zima tukauliza sababu.

"Sijui bado."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kuna kuvu wanaoshambulia mimea ile, na shaba huwazuia. Shaba ile, sumu ya kilima, ndiyo iliyokuwa mlinzi wa maua yale. Kuhusu kama viumbe vina sheria moja inayoshika kila mahali, wataalamu wangali wanabishana, nami huwasikiliza kwa hamu.

Wakati ule nilidhani nimemshinda mwalimu. Leo nafundisha mwenyewe, na ndipo ninapojua ugumu wa kufuta maneno yako mbele ya watoto arobaini wanaokuamini.