Alama Nyekundu kwenye Sufuria

Miaka ya tisini, huko ughaibuni, pale Barking, nilihitimu kozi ya sheria shule ya usiku, cheti nikakitundika kwenye fremu kubwa kuliko televisheni. Ndiyo maana jirani yangu, dada wa Tanga aliyekuwa akitunza wazee, aliposhtakiwa kwa wizi wa sufuria alinigongea mimi kabla ya wakili.

"Kaka, hata nisipofungwa, doa la wizi likibaki kazi sina. Nani atamkabidhi mwizi bibi yake?"

Sufuria ilikuwa ya ukumbi wa mtaa, kubwa hata ungeweza kumwogesha ng'ombe ndani yake. Aliichukua kupikia msiba bila kumuuliza msimamizi, akaandika herufi zake mbili ubavuni kwa rangi ya kucha. Aliyewahi kupika shughuli anaelewa: sufuria thelathini zikichanganyika, alama ndiyo inayosema nani atairudisha ipi. Kabla matanga hayajaisha, msimamizi akaita polisi, wakaikuta jikoni kwake.

Nikamshauri, kwa mamlaka ya cheti changu, achague kuhukumiwa na juri. Raia kumi na wawili! Watamwelewa!

Kumbe hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupika pilau ya watu mia mbili. Mwendesha mashtaka aliinyanyua sufuria kwa mikono miwili. "Anayeazima huandika jina lake?" Vichwa kumi na viwili vikatikisika.

Jaji akawaelekeza kuhusu kuchukua bila ruhusa na kuhusu udanganyifu, akaishia hapo. Hakuwaambia kwamba lazima wawe na hakika dada alikusudia kutoirudisha kabisa. Niliruka kwenye benchi la watazamaji hadi paa likainuka.

"Bwana, keti au toka," akasema askari.

Wakamkuta na hatia. Nilimkimbilia wakili wake koridoni, nikihema. "Nia ya kutorudisha! Hakuwaelekeza!"

"Nimeshaandika," alijibu bila kuinua macho.

Mpaka leo nasimulia kwamba niligundua mimi.

Majaji watatu wa rufaa walikubali, hatia ikafutwa. Tulipoirudisha sufuria ukumbini, msimamizi hakutaka hata kuiona. "Ichukue tu, mama, ni yako."

"Andika," dada akasema. "Weka sahihi. Na kaka yangu huyu ashuhudie."

Nikashuhudia, kwa sahihi ndefu kama treni.

"Fanyeni haraka," dada akatuhimiza, akifunga vifungo vya sare yake. "Zamu yangu inaanza saa nane."