Picha ya Babu Iliyokwama Foleni

Juzi, kwenye ofisi moja pale Iringa, kompyuta ya zamani ilisema huduma ya kuchapisha imesimama. Kijana wa pale aliiwasha upya, ikafa tena. Akafuta kazi iliyokwama kwenye foleni, basi, karatasi zikaanza kutoka. Nikakumbuka mchana mmoja kule Igowole, nikiwa bado mtoto.

Babu alikuwa anazikwa jioni, na picha ya kutangulia mbele ya jeneza ilikuwa haijachapishwa. Tulisimama dukani kwa fundi wa kompyuta, makoti yamelowa ukungu na yananuka moshi. Kila alipoiwasha huduma ya kuchapisha, printa ilinguruma kidogo, ikanyamaza.

"Inafufuka, inakufa," alisema. "Ngoja niifute hii picha."

"Umfute baba yangu?" Shangazi aliruka. "Nani kakutuma, wewe?"

"Dada, nafuta ya kwenye foleni tu. Mzee mwenyewe yumo kwenye flashi."

Sikumwamini. Nilimwona akibonyeza, na Babu akatoweka kwenye kioo. Kisha printa ikanguruma, akatoka Babu wa moto, ananuka wino. Labda nakumbuka vibaya, na kusema haki fundi yule alitusaidia. Lakini siku ile nilijua kwamba Babu wetu amefutwa, na huyu ni mwingine.

Wakanipa niibebe picha. Njiani nilimchunguza masikio, nikamchunguza meno. Tulipofika makaburini nikamnong'oneza salamu yetu ya Kihehe: "Kamwene, Babu." Hakuitikia, na Babu yangu hakuwahi kuacha kuniitikia.